Kuondoa platini katika MGB: Yanayofaa kutengenezwa kabla ya kuvuka Mikumi

GARI la michezo la zamani likizimika katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi humweka mwenyewe mahali pabaya. Barabara kuu iendayo Zambia hukata hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilometa 50. Tembo, nyati na simba huivuka mchana na usiku, na kushuka ili kufungua boneti huko si jambo la kujaribu.

Miongoni mwa magari ya Kiingereza ya aina hiyo, MGB ndiyo iliyoenea zaidi. Ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na idadi yake ilizidi 500,000. Injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimeta 1,798, ilitoka kiwandani katika miaka ya 1960 ikiwa na kabureta mbili za SU na nguvu za farasi zipatazo 95. Fundi wa Mikumi au Kilosa ambaye hajawahi kuigusa hana sababu ya kuihofia. Aliyezoea Land Rover 109 ya petroli atakuta distributa ya Lucas inayofanya kazi kwa namna ileile.

Ndani ya distributa hiyo mna platini, yaani viguso viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga kwa kusukumwa na mhimili unaozunguka. Kila vinapofunguka, umeme wa koili hukatika ghafla na cheche huruka kwenye plagi. Nafasi inayotakiwa kati yake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kisigino cha platini kikilika, nafasi hupungua, cheche huchelewa, injini hupoteza nguvu na kupata joto. Mwenye gari hulaumu rejeta, akainunua mpya, na tatizo likabaki palepale.

Marekebisho yenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kuondoa platini pamoja na kondensa yake, na kuweka kifaa cha kielektroniki kinachohisi sumaku iliyovishwa kwenye mhimili. Kifaa hicho hakiongezi nguvu kupita zile za kiwandani, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo. Kinachopatikana ni cheche isiyobadilika wakati wake, kwa kuwa hakuna viguso vinavyosuguana.

Yapo mambo mawili yanayoharibu vifaa hivyo mapema. La kwanza ni betri. MGB zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa 1967 ziliunganishwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Kifaa cha upande hasi kikifungwa humo huungua papo hapo, kwa hiyo ni lazima kuangalia ni nguzo ipi ya betri iliyofungwa bodini kabla ya kununua chochote. La pili ni koili. Koili ya kawaida ya MGB za awali ina ukinzani wa omu 3 hivi. Ikiwekwa ya omu 1.5 bila rezista yake, kifaa hupitisha umeme mwingi kuliko uwezo wake. Pia swichi isiachwe wazi injini ikiwa imezimwa.

Kabla ya yote hayo, fundi autikise mhimili wa distributa kwa vidole. Ukicheza, hata kifaa cha bei kubwa hakitasaidia. Atazame pia springi za vyuma vinavyotanuka kuwahisha cheche. Springi zilizolegea huwahisha kupita kiasi, na dereva atasikia injini ikigonga akipanda Kitonga baada ya joto la bonde la Ruaha Mbuyuni. Mgongano huo hutoboa pistoni. MGB nyingi za awali hupangwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu; petroli ikiwa duni, kurudisha nyuzi moja au mbili ni busara kuliko kung'ang'ania kipimo cha kitabu.

Kuhusu kabureta, jambo kuu ni joto. Katika MGB ziko upande mmoja na ekzosi, juu yake kabisa, hivyo ngao ya bati iliyo kati isiondolewe. Wapo wanaoitupa wanapofunga ekzosi ya mabomba, kisha wanashangaa petroli ikichemka na gari kukataa kuwaka baada ya kusimama kidogo. Chujio za wazi zinazong'aa nazo hazifai kwa barabara za vumbi za Kilosa. Anayeendelea hadi Iringa, zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, ategemee injini kupata mafuta mengi kidogo kuliko hewa. Nati iliyo chini ya kila kabureta hurekebisha hilo kwa dakika chache.

Jingine halionekani kwa macho. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Risasi hiyo ilikuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi katika silinda heda za zamani. Bila hiyo, valvu huzama taratibu, hasa kwa mwendo mkali wa safari ndefu. Dalili yake ni nafasi ya valvu, ambayo ni milimita 0.38 injini ikiwa baridi, kupungua kila inapopimwa. Dawa ya kudumu ni kuchonga heda na kuweka viti vya chuma kigumu. Fedha ya kamshafti ya mashindano ingetumika vizuri zaidi hapo.

Platini za zamani zisitupwe. Zikiachwa zimefungwa kwenye sahani yake pamoja na kondensa, nafasi ikiwa imeshapimwa, huingia katika distributa kwa skrubu mbili. Kifaa kikifa kabla ya geti la hifadhi, kazi hiyo hufanyika kando ya barabara, na safari ikaendelea kabla ya giza.