Alerzi ya antibiotiki: munganga anaitambua namna gani?

Mgonjwa anaingia hospitali mu Kabondo, komini ya mji wa Kisangani. Mbele ya sindano anasema: «Mwili yangu inakataaka penisilini.» Munganga anapaswa kusikiliza neno hilo, lakini lisiandikwe kwenye fishi bila kuuliza zaidi. Katika nchi ambako wagonjwa wenye kusema hivyo walipimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 walionekana wanaweza kupewa penisilini bila shida.

Kuchafuka roho na kuhara ni madhara ya kawaida ya dawa, si alerzi. Mtoto mwenye virusi naye anaweza kutoka vipele wakati anakunywa amoksisilini, kumbe mara nyingi ni virusi vimeleta vipele.

Alerzi ya haraka inakuja mara nyingi ndani ya saa moja: ngozi inawasha na kuvimba, midomo na ulimi vinavimba, pumzi inakuwa nguvu, tansio inashuka. Kama pumzi au tansio vimeguswa, dawa inasimamishwa na adrenalini inachomwa palepale kwenye msuli wa paja.

Ingine inakuja kisha siku kadhaa. Ngozi ikichubuka, vidonda vikitoka mdomoni na machoni, hiyo ni hatari kubwa. Bactrim inajulikana kwa kuileta. Mgonjwa huyo asipewe tena dawa ile, hata kidogo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni maswali. Dawa gani? Dalili gani, na kisha muda gani? Alitibiwa namna gani? Alishakunywa tena dawa hiyo? Ni miaka ngapi imepita? Kwa penisilini, kisha miaka 10, karibu watu 8 kati ya 10 alerzi yao imeisha. Kama habari ni nyepesi, munganga anaweza kujaribu dozi ndogo ya amoksisilini hospitalini, adrenalini ikiwa karibu. Nyumbani, hapana.

Kosa linaumiza pande zote mbili. Alerzi ya kweli ikisahauliwa, inaweza kuua. Na mama mwenye mimba akiwa na kaswende, benzathini penisilini ndiyo dawa pekee inayoshauriwa kwa kumlinda mtoto tumboni. Neno moja lisilochunguzwa kwenye fishi linaweza kumnyima.

Dawa ikikuletea shida, chunga kopo au pakiti yake, andika tarehe na dalili, na uonyeshe munganga.