SIKUKUU ISIYONGOJA MAVUNO
Habari za Idi katika Tabora na Njia ya Misafara

Kila mwaka chakula kinapopungua watu huuliza: Je, yafaa kufanya karamu wakati wa dhiki? Wengine husema ni israfu kupika sinia kubwa hali ghala i karibu kuwa tupu. Wengine husema kuiacha sikukuu ni kujiongezea msiba. Jawabu lake laweza kupatikana katika habari za zamani za Tabora, kwa kuwa mji huo ulikuzwa na wasafiri, na msafiri huijua njaa kuliko mtu akaaye kwake.

Mtendeni ni mtaa mmoja wa Tabora. Maana ya jina ni dhahiri: mahali penye mtende. Mtende si mti wa pori letu la miyombo. Jina lenyewe latukumbusha Waarabu na njia ya misafara. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, walipokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Kazeh hiyo ndiyo iliyokua ikawa Tabora. Humo walikaa Waarabu, Waswahili wa pwani, Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, na Wanyamwezi wenye nchi. Watu hawa hawakuwa na babu mmoja, wala tambiko moja. Basi walihitaji siku ya kula pamoja.

Wanyamwezi walikuwa na furaha yao ya mavuno. Mvua huanza Novemba, na mtama huvunwa Mei na Juni. Ndipo pombe ilipopikwa na ngoma kuchezwa, na vijana wakafunga mizigo kwenda pwani. Sikukuu hiyo hufuata ghala. Bali Idi hufuata mwezi, na mwaka wa mwezi hupungua siku 10 au 11. Kwa hiyo katika miaka 33 hivi Idi huyazunguka majira yote. Mwaka mmoja huangukia wakati wa michembe kuanikwa, kila nyumba ina kitu. Mwaka mwingine huangukia Januari au Februari, akiba imekwisha na mahindi shambani hayajakomaa. Sikukuu ya mavuno huja kwa kuwa chakula kipo. Idi huja kipo au hakipo.

Tazameni mwaka 1871. Mwezi wa Agosti watu wa Mirambo waliingia Tabora, wakateketeza sehemu ya mji, naye Khamis bin Abdullah akauawa. Njia ya Ujiji ikafungwa, hata Stanley akalazimika kuzunguka kusini alipokwenda kumtafuta Livingstone. Mwaka huo Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia katikati ya Desemba, wakati wa kupanda wala si wa kuvuna. Siku chache baadaye, huko Ujiji, Livingstone na Stanley nao walitaka kuiadhimisha Krismasi kama kwao. Stanley aliandika kwamba mpishi wao aliiharibu nyama ya kuoka, na karamu haikufana. Hata wageni wale, wakiwa mbali na kwao na vita nyuma yao, hawakukubali siku ile ipite kama siku nyingine.

Baada ya miaka 20 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika nchi hizi. Kisha vikaja vita vya 1914. Huko Tabora, mwaka 1916, Wajerumani walipiga hela za shaba na rupia 15 za dhahabu, kwa kuwa fedha hazikuweza tena kuletwa kutoka Ulaya. Majeshi ya pande zote yalichukua wapagazi na nafaka. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia mjini. Ukihesabu kalenda, utaona kuwa Idi ya Mfunguo Tatu ilifika mwanzoni mwa Oktoba, hata majuma 3 hayajatimia. Yule aliyetaka kuchinja siku ile alikuwa na hesabu ngumu.

Lakini Idi ina kanuni zake, nazo ni za watu waliokwisha kuona dhiki. Kabla ya sala ya Mfunguo Mosi, mwenye nyumba hutoa fitri: pishi moja ya nafaka kwa kila kichwa, hata mtoto mchanga. Si lazima iwe mchele. Hutolewa chakula kikuu cha mahali, na Unyamwezi zamani ni mtama. Pishi ni vibaba 4, na kibaba kimoja ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku. Basi nyumba ya watu 5 ilitoa posho ya siku 20. Na asiye na ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi hadaiwi kitu; yeye ndiye wa kupewa. Hali kadhalika katika Mfunguo Tatu: watu 7 waweza kushirikiana ng'ombe mmoja, na desturi ni kuigawa nyama mafungu 3, la nyumbani, la jamaa na majirani, na la maskini.

Waona basi, karamu hii haikuanzia jikoni kwa tajiri. Ilianzia katika kipimo kilichopita mlangoni kwa maskini kabla ya chungu kuinjikwa. Furaha ilifuata baadaye: watoto waliooga na kuvaa, harufu ya wali kwa aliyejaliwa, ugali wa mtama na mlenda wa karanga kwa mwingine, matobolwa na asali ya porini. Na sinia lilipita hata kwa jirani asiye wa dini hiyo, naye akakumbuka kulirudisha na kitu siku ya Krismasi.

Kwa hiyo wale wanaosema karamu ya mwaka mbaya ni israfu, wana haki ikiwa mtu anapika ili aonekane. Lakini sikukuu inayoanza kwa kupima na kugawa si adui wa ghala. Huutoa mtama uliofichwa na kuupeleka unakohitajiwa. Wazee walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwaka wa njaa ukija, tupunguze sinia, wala tusiifute siku.