Upogoaji, Si Upungufu

Kijitabu cha afya ya akili kilichonifikia juzi kinawaambia wazazi kwamba ubongo wa kijana anayebalehe hupatwa na "upungufu wa sinapsi", yaani wa maungio ya seli za neva. Nilikifunga kwa hasira. Istilahi hiyo ilipitishwa na kamati, na kamati hiyohiyo niliwahi kuipelekea neno *upogoaji*. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: hilo ni neno la wakulima.

Tuutazame ukoo wa neno walilolichagua. *Pungua* imezaa *punguza*, *pungufu*, *upungufu*, na mtoto mmoja ambaye kamati ilipaswa kumkumbuka: *punguani*. Mzazi akisoma "ubongo" na "upungufu" katika sentensi moja, anachosikia ni kwamba mwanawe ametukanwa. Wanakamati ni Waswahili. Sikubali kwamba hawakulisikia tusi hilo.

*Pogoa* ni ndugu wa *chomoa*, *ng'oa*, *bomoa* na *fukua*, vitenzi vya kuondoa kilichokuwepo. Lakini ng'oa huacha shimo na bomoa huacha kifusi. Pogoa huacha mti. Mkulima wa kahawa kule Kilimanjaro hukata matawi ili nguvu ya mti iende kwenye yale yatakayozaa. Kusudi limo ndani ya kitenzi chenyewe, na hatari pia imo, maana mti waweza kupogolewa kupita kiasi.

Sayansi inalihitaji neno lenye pande hizo mbili. Peter Huttenlocher alipohesabu sinapsi za sehemu ya mbele ya ubongo mwaka 1979, alikuta msongamano wa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili unauzidi wa mtu mzima kwa karibu nusu. Kisha hushuka hadi ujanani, nao ni ukuaji wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Irwin Feinberg akapendekeza kwamba skizofrenia huenda inatokana na kasoro katika kazi hiyo ya kuondoa sinapsi. Kama kazi yenyewe tumeshaiita upungufu, kasoro yake tutaiitaje? Upungufu wa upungufu?

Msomi mmoja anapigania "mchujo". Kinachochujwa hupita kwenye chujio mara moja, yakaisha. Kazi hii huchukua miaka.

Jambo moja nawadai hata wanaoniunga mkono. Kipimo cha MRI hakioni sinapsi. Jay Giedd na wenzake, mwaka 1999, waliona dutu ya kijivu ya sehemu ya mbele ikiongezeka hadi karibu na balehe, kisha ikipungua. Philip Shaw, mwaka 2007, alikuta kwamba kwa watoto wenye tatizo la utulivu na umakini gamba la ubongo hufikia kilele cha unene wakiwa na miaka 10.5 hivi, wenzao 7.5. Gamba kuwa jembamba kwenye picha huenda kukatokana na upogoaji, na pia na nyuzi za neva kuvikwa mafuta ya mielini. Anayeandika "picha imeonyesha upogoaji" analichosha neno langu kwa kazi isiyo yake.

Matumizi: *upogoaji wa sinapsi*, *sinapsi hupogolewa*.

Nasikia kijitabu kitachapishwa upya. Pendekezo nimelipeleka tena, na safari hii neno *punguani* nimeliweka kwenye mstari wa kwanza.