Kiwango si Uwezo

Wanaoandika kuhusu polima zinazopitisha ioni huchanganya mara kwa mara kiwango cha usalfonishaji na uwezo wa kubadilishana ioni. Mimi nayapenda maneno haya mawili, na sipendi kuona moja likikalia kiti cha mwenzake.

Chukua PEEK, plastiki ngumu inayostahimili joto. Yenyewe haipitishi ioni. Ikiyeyushwa katika asidi ya salfuriki kali, vipande vya mnyororo wake huanza kupata makundi ya salfoniki, na makundi hayo ndiyo yanayoachia protoni. Kiwango hueleza ni vipande vingapi kati ya mia vimepata kundi. Uwezo hueleza gramu moja ya utando mkavu wa polima hiyo ina milimoli ngapi za protoni za kubadilishana. Kiwango cha asilimia 70 hutoa, kwa hesabu, milimoli 2.03 hivi kwa gramu. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaotupoteza.

Kwa sababu kila njia ya kupima ina jicho lake. Katika titresheni, utando huloweshwa kwenye maji ya chumvi. Sodiamu huingia, protoni hutoka. Kisha sodiamu haidroksaidi hudondoshwa tone kwa tone mpaka fenolfthalini igeuke waridi na kubaki hivyo. Huku ni kuhesabu waliojibu hodi tu: kundi lililojificha mahali ioni za sodiamu hazifiki halimo. NMR huyeyusha sampuli yote, na protoni iliyo jirani na kundi la salfoniki hujitenga karibu na 7.5 ppm, ikahesabika hata pale titresheni isipofika. Uchanganuzi wa elementi huokota salfa yote, pamoja na ya asidi iliyobaki kwa kuoshwa vibaya. Mizani ya joto, inayopima uzito unaopotea sampuli ikipashwa moto, nayo huponzwa na maji yaliyobaki.

Kwa hiyo namba ya NMR ikizidi ya titresheni, si lazima moja iwe na kosa. Pengo hilo laweza kuwa habari yenyewe: makundi yapo, lakini hayafikiki. Ndiyo maana napendekeza tutenge uwezo uliokokotolewa na uwezo uliopimwa.

Nanyi mnaoandika tasnifu na ripoti kwa Kiswahili, msiseme “kiwango ni asilimia 70” mkaishia hapo. Tajeni njia iliyotumika, utando ulikaushwaje, na uliloweshwa kwa saa ngapi.