Siku 75 za "Likizo ya Corona": Wanachuo Waliorudi Bariadi na Stori Inayosimuliwa kwa Sauti ya Chini

Waulize waliokuwa chuo mwaka 2020 kuhusu corona, wengi wataanza na vituko. Watakukumbusha nyungu, lile papai lililopimwa likakutwa na virusi, na ndoo za kunawia zilizokaa kila mlango wa duka. Tunacheka, tunasonga.

Lakini kuna stori nyingine ya kipindi kile ambayo watu huisimulia kwa sauti ya chini, bila kutaja jina. "Kuna mshkaji wetu alienda hom mzima kabisa, chuo kilipofunguliwa akarudi mtu mwingine." Anayesimulia anaishia hapo, na anayesikiliza naye huwa ana mshkaji wake wa aina hiyo.

Leo tuiongelee hiyo, na tuiongelee kutokea Bariadi. Simiyu ni mkoa mchanga, ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na vijana wake wengi wanaofika chuo kikuu husomea mbali: Mwanza, Dodoma, Dar, Mbeya. Kwa hiyo vyuo vilipofungwa, Bariadi ilipokea watoto wake kwa mkupuo. Tuone walikuta nini.

Tarehe zenyewe

Machi 16, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, aliyepatikana Arusha akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule kwa siku 30 na kusimamisha michezo na mikusanyiko. Machi 18 ikawa zamu ya vyuo. Watu wakafungasha mabegi, godoro likaachwa kwa mlinzi, daftari likatupiwa chini kabisa ya begi kwa imani kwamba ni mwezi mmoja tu.

Aprili ikafika, tukaambiwa shule na vyuo vitaendelea kufungwa hadi itakapotangazwa tena. Kisha ikatoka takwimu ya mwisho ya wagonjwa, 509, halafu kimya. Vyuo vikafunguliwa Juni 1. Ukihesabu kutoka Machi 18, ni siku 75.

Sasa shika jambo moja hapa. Kenya waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27. Rwanda walifungiwa ndani kuanzia Machi 21. Uganda walifunga shule Machi 2020 na hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Afrika Kusini walifika mpaka kupiga marufuku kuuza pombe.

Bongo hatukufungiwa ndani. Hayati Magufuli alikataa. Soko lilikuwa wazi, mabasi yalitembea, makanisa na misikiti ilisali, baa ziliuza. Mwanachuo wa Kitanzania alikuwa huru kwenda popote isipokuwa sehemu moja, chuoni kwake. Ndiyo maana ukisema "lockdown iliwaharibu watu" unakosea kidogo. Huku kwetu kilichofungwa ni chuo peke yake, na tulikuja kugundua kwamba chuo kilikuwa kinabeba vitu vingi kuliko masomo.

Kurudishwa nyumbani hakukuanza na corona

Historia ya kuwarudisha wanachuo makwao ni ndefu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha kwao karibu 400. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Machi 1978 wakaandamana tena, safari hii kupinga marupurupu ya viongozi, na mamia wakatimuliwa. Mei 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungwa baada ya mgomo, kikaja kufunguliwa mwanzoni mwa 1991.

Wale wa zamani waliumia pia, tusiwapambe. Ila walikuwa na vitu viwili ambavyo watoto wa 2020 hawakuwa navyo. Walijua kwa nini wako nyumbani, na walijua wako pamoja. Ukirudi kijijini kwa sababu umegoma, una hoja ya kuwaeleza watu, hata kama baba amekununia. Mwaka 2020 hakukuwa na wa kumlaumu wala tarehe ya kusubiri. Ulikuwa umekaa tu.

Mtoto wa chuo amerudi

Chukua kijana mmoja wa mwaka wa pili. Hapa hatumpi jina, kwa sababu yeye ni wengi. Ametoka Dar kwa basi, Dodoma, Singida, Shinyanga, akaingilia Mwigumbi, Maswa, hadi stendi ya Bariadi. Siku ya kwanza ni shangwe. Mama kachinja kuku, majirani wanapita kusalimia, "mwangaluka" zinapokelewa kwa tabasamu.

Wiki ya tatu ngoma inabadilika. Wadogo zake nao shule zimefungwa, chumba kile kile wanalala wanne. Chuoni alikuwa mtu mzima. Alikuwa na ratiba, na bumu lake alilipangia mwenyewe hata kama lilikuwa linaisha wiki ya pili. Sasa anaomba buku ya bando kwa mzee ambaye naye anawaza pamba. Maana Simiyu ndiyo kinara wa pamba nchini, na msimu ule soko la dunia liliyumba kwa sababu hiyo hiyo ya corona, bei ikashuka. Ada ya mwaka unaofuata ilikuwa imekaa shambani, na kila mtu mezani alilijua hilo bila kulisema.

Masomo mtandaoni? Vyuo vingi vya kwetu vilisimama tu. Hakukuwa na kipindi cha saa mbili asubuhi cha kukuamsha. Kukicha ni palizi, au kuswaga ng'ombe, au kukaa. Na kila anayepita anauliza swali lile lile: "Chuo kinafunguliwa lini, baba?" Mara ya kwanza unajibu vizuri. Mara ya arobaini unaanza kukwepa njia ya dukani.

Kwa mabinti ilikuwa na uzito wake. Kaka anaweza kupotelea kijiweni hadi jioni, dada yupo jikoni, kisimani, anamwangalia mtoto wa shangazi. Na usukumani, binti mkubwa aliyekaa nyumbani bila tarehe ya kuondoka huwakumbusha wazee mambo ya mahari. Anasikia ng'ombe wanahesabiwa chumba cha pili, na hana barua ya chuo ya kuwaonyesha kwamba anaondoka tarehe fulani.

Kijiwe hakikufungwa

Hapa ndipo kilevi kinapoingia. Tumezoea kusema "alifuata makundi mabaya". Mara nyingi huanza kwa kitu cha kawaida zaidi, usingizi. Mtu amekaa bure mchana kutwa, usiku macho makavu, anaperuzi mpaka saa nane. Kuna anayemwambia, piga moja utalala kama mtoto.

Na kupata haikuwa shida. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini chupa ndogo zilibaki, gongo haijawahi kuisha japo ni haramu kisheria, na msuba una wauzaji wake kila mji. Mpira ulikuwa umesimama duniani kote, kasoro sehemu chache kama Belarus, basi watu wakawa wanabeti timu ambazo hata kutamka jina hawawezi. Mchana mkeka, usiku kichupa.

Halafu kulikuwa na uongo mtamu, kwamba pombe kali inaua corona kooni. Huko Nairobi gavana mmoja mpenda mikufu, mnamjua, aliweka konyaki ya bei mbaya kwenye vifurushi vya msaada, akasema ni ya kusafishia koo. Kampuni yenyewe ikaruka maili mia, na Shirika la Afya Duniani likatamka wazi kwamba kunywa pombe hakumkingi mtu na corona. Ila kwenye kijiwe, nani anasoma taarifa ya WHO? Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa na kisingizio cha kiafya cha kupiga mtungi.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi mwilini. Pombe inakupa usingizi wa haraka, lakini inaukata usiku wa manane. Unaamka saa tisa moyo unakwenda mbio, asubuhi wasiwasi umeongezeka. Jioni unahitaji nyingi zaidi ili ulale. Bangi nayo kwa wengine inatuliza, kwa wengine inafungua mlango mbaya: kusikia sauti, kuhisi kila mtu anakusema. Hatari inakuwa kubwa kwa anayevuta kila siku, na kwa ambaye kwenye ukoo wake ugonjwa huo upo. Na umri ni ule ule wa chuo, maana magonjwa mengi ya akili huanza kujionyesha kabla mtu hajafika miaka 25.

Kwa hiyo yule mshkaji hakuwa ameanza na kilevi. Alianza na siku isiyo na umbo, kikaja kilevi kuziba, na kilevi kikafukua shimo kubwa zaidi.

"Huyu karogwa"

Familia ilionaje? Ukiwa Bariadi na kijana wako wa chuo anaanza kuongea peke yake, neno la kwanza litakalosemwa uani si "sonona". Watu watataja Gamboshi. Kijiji hicho kimebebeshwa sifa ya uchawi Tanzania nzima, kiasi kwamba wenyeji wake wamechoka kuulizwa. "Wamemwonea wivu, mtoto pekee aliyefika chuo kikuu." Anapelekwa kwa mganga.

Tusiwacheke. Kwa mganga kuna mtu anayekaa chini na kusikiliza, na ukoo unachanga na kukutana. Hospitali nyingi haziwezi kukupa hayo mawili. Tatizo ni muda. Miezi inapita, ng'ombe wanauzwa, na ugonjwa ambao ungeshikwa mapema unakomaa. Daktari bingwa wa akili yuko Bugando, Mwanza, au Mirembe, Dodoma, hospitali iliyokuwepo tangu miaka ya 1920. Kutoka kijiji cha Itilima au Meatu hiyo ni safari ya kutafutiwa nauli.

Na kuna jambo lingine la kuwafanya watu wafiche. Sheria yetu ya jinai inahesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa. Kwa hiyo familia iliyonusurika na msiba inanyamaza, kwa aibu na kwa hofu ya polisi, na kijana anabaki na siri ambayo hata daktari hataambiwa.

Juni 1: kama hakuna kilichotokea

Vyuo vikafunguliwa. Ratiba zikabanwa ili kufidia muda, mitihani ikasogea karibu, maneno yakawa ni sapu na kudisko. Juni 13 ligi kuu ikarudi uwanjani. Agosti, Nane Nane ya kitaifa ikafanyika hapo hapo Nyakabindi, Bariadi, watu wamejaa, miziki inapigwa. Taifa lilikuwa limetangaza ushindi kwa maombi.

Katika kelele hizo, nani angesimama kusema "mimi bado sijakaa sawa"? Kama corona yenyewe imeisha, wewe unaumwa nini? Wenzetu wa Uganda na Kenya angalau walikuwa na neno la kusema, tulifungiwa. Kijana wa Bongo hakuwa hata na hilo. Alionekana ni mvivu, mlevi, au karogwa. Machi 2022 WHO walisema mwaka wa kwanza wa janga uliongeza sonona na wasiwasi duniani kwa asilimia 25, na kwamba vijana na wanawake waliumia zaidi. Yule mshkaji alikuwa ndani ya hesabu hiyo, hata kama hakuna aliyempima.

Kwa nini tuikumbuke sasa

Kwa sababu vyuo vitafungwa tena siku moja, kwa ugonjwa, kwa mgomo, kwa lolote. Siku hiyo tangazo lisiishie kwenye "ondokeni kabla ya saa kumi jioni". Mwanafunzi aondoke na namba ya mshauri wake wa chuo inayopokelewa. Aambiwe tarehe, hata ya kukadiria. Wale ambao tayari walikuwa wanahudhuria ushauri wapigiwe simu, wasisubiriwe.

Na nyumbani, kabla ya kuuliza "umeanza lini kuvuta?", anza na "unalala vizuri?" Swali la kwanza linamfanya ajitetee. La pili linaweza kumfungua mdomo. Kama kilevi kimeshamshika, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Kama ni akili, hospitali ya mkoa ndiyo pa kuanzia, na rufaa inatokea hapo.

Yule mshkaji wa 2020, wengine walimaliza chuo kwa shida, wengine hawakurudi kabisa. Ambaye bado yupo mtaani kwenu, watoto wanamzomea wakipita, aliwahi kuwa na namba ya usajili na kiti cha mbele darasani. Msalimie kwa jina lake.

Wewe zile siku 75 ulikuwa wapi, na nani alikuuliza kama unalala? Tupe stori yako hapo chini, majina ya watu weka pembeni.