Kijana wa New Orleans (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Paul Morphy, miaka 21, amevuka bahari kutoka Marekani kuwasaka vigogo wa sataranji Ulaya. Staunton wa Uingereza kila siku ana udhuru mpya. Morphy kachoka kungoja, kahamia Paris.

SASA ENDELEA...

Septemba 1858, Café de la Régence. Watu wamejaa hadi mlangoni.

Wanamtazama nani? Kijana mwembamba aliyewapa mgongo wapinzani wanane. Ndiyo, wanane! Kila mmoja na ubao wake, na Morphy haoni hata kete moja.

Anatajiwa hatua, naye anajibu kwa mdomo. Ubao mmoja huanza na kete 32. Zidisha kwa nane, kisha uniambie wewe ungekumbuka ngapi.

Saa zikayoyoma, kama kumi hivi. Akashinda sita, akatoka sare mbili.

Unadhani alilala hadi mchana? Katibu wake, Edge, anasimulia kwamba saa moja asubuhi Morphy alimwita, akamsomea hatua zote za michezo yote minane. Kwa kichwa!

Mimi hapo huwa naweka kalamu chini kwanza.

Lakini subiri, msomaji wangu, bado hujaona kitu. Alibaki mmoja ambaye Morphy asingeweza kurudi nyumbani bila kumkabili.

Adolf Anderssen. Mwalimu wa hisabati huko Breslau, mshindi wa mashindano makubwa ya London ya 1851. Mtu wa mashambulizi: anatoa kete zake sadaka huku ameshaona mwisho wa mpinzani.

Mwalimu hawezi kutelekeza wanafunzi wake, kwa hiyo lazima Morphy asubiri likizo ya Krismasi. Akasubiri.

Laiti angejua!

Homa ikamwangusha kitandani. Na matibabu ya siku zile unayajua? Ruba! Wakabandikwa mwilini, wakamfyonza damu mpaka akabaki hoi.

Na Anderssen huyoo, kashafika Paris.

Ungekuwa wewe, si ungeomba iahirishwe? Morphy hakuomba. Ubao ukaletwa hotelini kwake. Masharti: wa kwanza kushinda mara saba ndiye bingwa.

Desemba 20. Morphy, akiwa na kete nyeupe, akafungua kwa Evans, mbinu aliyoipenda: unamwachia mwenzako kitunda kwa hiari ili umvamie mapema.

Anderssen akakila kitunda. Akajihami. Akangoja.

Hatua ya 30. Ya 50. Ya 60. Morphy anatafuta upenyo, haupati.

Hatua ya 72, yamekwisha. Anderssen moja, Morphy sufuri.

Mgonjwa kaumia. Na mchezo wa pili, nyeupe zinakwenda kwa mwalimu.

Nikudokeze? Huo wa pili hakushinda mtu. Ila wa tatu, mpenzi msomaji, ulikatika kwa hatua 21 tu, na aliyelazimika kusalimu amri alikuwa...

ITAENDELEA WIKIENDI IJAYO