Kakamega na Tarikhi ya Mabalozi Wetu

Siku ya Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, habari zilipotufikia kutoka Addis Ababa kwamba Bwana Raila Odinga, aliyetangulia katika duru mbili za mwanzo za kura ya uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, amejitoa baada ya duru ya sita, na kwamba Bwana Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti ametangazwa mshindi kwa kura 33, lawama zilianza papo hapo: huyu akiilaumu serikali, yule akimlaumu mgombea, na wengine wakiyalaumu mataifa yanayosema Kifaransa. Mimi niliyekuwa nikiisikiliza redio hapa Kakamega nilishikwa na jambo jingine, nalo ni kwamba mshindi alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake tangu 2005, ilhali Kenya, katika muda huo huo, imekwisha kuwakabidhi wizara hiyo watu wasiopungua wanane, mmoja baada ya mwingine.

Mji huu una haki ya kulisema hilo, kwa kuwa katika tarikhi ya mambo ya nje ya Kenya haukuwa mtazamaji. Kabla ofisi za serikali hazijahamishiwa Kakamega mnamo 1920, wageni walipokewa Mumias, katika baraza la Nabongo Mumia wa Wanga, aliyerithi enzi mnamo 1882. Hapo ndipo misafara ya Waswahili wa pwani ilipotua ikitafuta pembe, hapo ndipo alipopita Joseph Thomson mnamo 1883 na Askofu Hannington mnamo 1885, na hapo lugha hii ninayoiandika ilikuwa tayari ni lugha ya kupokelea wageni na kufanyia mapatano. Kisha ukaja ukoloni, na kwa zaidi ya nusu karne maneno yote baina ya nchi hii na dunia yakawa yananenwa London.

Kwa hiyo uhuru ulipokuja, tarehe 12 Desemba 1963, dola mpya ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, lakini ilikuwa haina mabalozi. Marehemu Joseph Murumbi, ambaye uzoefu wake wa ubalozi aliupata uhamishoni London akiwa mwajiriwa wa ubalozi wa Morocco, ndiye aliyepewa kuyasimamia mambo ya nje chini ya Mzee Jomo Kenyatta; Dk. Josephat Karanja akapelekwa London. Na Bwana Burudi Nabwera, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Lugari katika nchi yetu hii ya Kakamega, akawa balozi wetu wa kwanza Marekani na mjumbe wetu wa kudumu katika Umoja wa Mataifa. Miji miwili mikubwa ya siasa za dunia, na mtu mmoja wa kuiangalia yote!

Upungufu huo ulivyotugharimu nimeusoma katika kitabu cha William Attwood, The Reds and the Blacks, kilichotoka 1967 na kupigwa marufuku Kenya, ambacho niliazimwa na mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa Amalemba. Kurasa zake zimegeuka rangi ya chai, na pembeni mwa habari za Stanleyville mtu amepiga mistari ya penseli, mikavu, iliyokandamizwa hata ikatoboa karatasi. Attwood alikuwa balozi wa Marekani mjini Nairobi, na msomaji hana budi kukumbuka kwamba mwenye kuhadithia aliketi upande mmoja wa meza. Walakini mambo yenyewe yanajulikana.

Mwezi wa Agosti 1964 waasi wa Kongo waliojiita Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, wakawashika mateka wageni wengi, Wabelgiji na Waamerika miongoni mwao. Septemba, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda tume ya kutafuta suluhu, na uenyekiti ukamwangukia Mzee Kenyatta, waziri mkuu wa nchi ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru wake. Murumbi akaongoza ujumbe hadi Washington kuisihi Marekani iache kumsaidia Moïse Tshombe, waziri mkuu wa Kongo, kwa zana za vita. Rais Johnson hakukubali kuonana nao, wakapokewa na waziri wake, Dean Rusk.

Tarehe 23 Novemba, Mzee aliwakutanisha Attwood na Thomas Kanza, msemaji wa waasi. Kanza alitaka vita visimamishwe kwanza, na Attwood alikuwa na maagizo ya kuzungumzia usalama wa mateka basi, wala si jambo jingine lolote. Wakaachana bila mapatano. Alfajiri ya pili yake, ndege za Marekani ziliwashusha askari wa miavuli wa Kibelgiji juu ya Stanleyville. Mateka wengi waliokolewa, wengine wakauawa, akiwamo Dk. Paul Carlson, tabibu wa misheni; na Mzee, aliyekuwa ameketi na watu hao jana yake kwa nia safi ya kusuluhisha, akajiona amechezewa.

Hapo ndipo penseli ilipokandamizwa zaidi, nami nimeielewa. Upande mmoja aliketi mtu aliyekuwa na maagizo ya maandishi, na nyuma yake ofisi zilizokuwa zikipokea simu usiku na mchana kutoka Léopoldville na Brussels. Upande wa pili palikuwa na mzee mwenye hadhi na busara isiyo na shaka, lakini wizara iliyopaswa kumweleza kinachotendeka nyuma ya pazia ilikuwa bado ni sehemu ya ofisi yake mwenyewe. Hekima ya mtu mmoja, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kushika nafasi ya makarani hodari waliokaa miaka ishirini wakiisoma nchi moja.

Somo hilo halikupotea lote. Mnamo 1973, kwa msaada wa Uswisi, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mafunzo ya diplomasia, na mnamo 1990 mafunzo hayo yakawa taasisi kamili. Na sheria ya utumishi wa nchi za nje ya 2021 imeweka akademia ya kuwafundisha mabalozi. Mengine ya miongo hii ni orodha ya mawaziri, pamoja na ile desturi mbaya ya kuugeuza ubalozi kuwa kifuta machozi cha wanasiasa walioangushwa katika uchaguzi, huku maofisa waliopanda ngazi kidato kwa kidato wakipitwa.

Na kwamba ngazi hiyo humfikisha mtu mbali, ushahidi uko papa hapa Amalemba, alikokulia Balozi Amina Mohamed, mzaliwa wa Kakamega wa 1961, aliyesoma shule ya msingi ya Township, kisha Butere, kisha sheria huko Kiev, akaingia wizarani akiwa mwanasheria wa kawaida. Kutoka hapo alipelekwa Geneva, ambako mnamo 2005 alikuwa mwanamke wa kwanza kuliongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani; na Desemba 2015, akiwa waziri, aliuongoza mkutano wa mawaziri wa shirika hilo mjini Nairobi, mkutano uliopitisha siku yake ya mwisho na kuingia ya pili kabla mataifa hayajakubaliana kuondoa ruzuku za mazao yanayouzwa nje. Mwaka 2017 naye aliuwania uenyekiti ule ule wa Kamisheni akashindwa Addis Ababa, na aliyemshinda, Moussa Faki Mahamat wa Chad, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa kwao tangu 2008. Laiti manispaa yetu ingetundika japo kibao kimoja cha jina lake pale mtaani!

Kitabu sijakirudisha bado. Mwalimu amenitumia salamu mara mbili nifanye hima, kwani mjukuu wake anasoma uhusiano wa kimataifa chuoni, na babu anataka auone ukurasa ule wenye penseli kabla hajarejea masomoni.